Ndege Isilale

Nwanyibuife, ambaye soko zima tunamwita Mama Dubem, hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Nasema hivi mimi niliyekaa naye meza kwa meza, yeye na okporoko wake, wale samaki wakavu wa Ulaya wagumu kama kuni, mimi na uduvi wangu, tangu watoto wetu wakiwa mgongoni. Nimemwona akishusha bei ya nauli, ya sindano ya malaria, na ya misa ya wafu. Padre alimwambia, "Mama, hii si bei, ni sadaka." Akamjibu, "Basi Baba, kama ni sadaka, mbona umeshanipangia kiasi?" Padre akacheka, akapunguza.

Kwa hiyo siku aliponiambia anataka kukodi ndege, ndege haikunishtua sana. Nilimhurumia atakayemkodishia.

Ilikuwa karibu na Krismasi, wakati ambapo sisi Waigbo wa Lagos tunakumbuka wote kwa pamoja kwamba tuna kwetu. Dubem, mwanawe wa pekee, alikuwa amemchumbia Olaedo, msichana wa kijiji cha Umuduru kule mashariki, na siku ya kupeleka tembo, ile pombe ya kugema, kwa wakwe ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili. Ukoo wa msichana ukatuma salamu: mara ya tatu wangeturudishia kola zetu, zile kokwa za heshima tulizopeleka kuposea, na binti wangemtafutia mwingine. Tiketi za ndege za abiria zilikuwa zimekwisha tangu zamani. Ilibaki barabara.

"Barabara hapana," alisema Mama Dubem.

Hakuna aliyemwuliza sababu, maana soko zima linaijua. Baba yake Dubem aliondoka siku moja kwenda harusini kijijini, akatekwa kwenye msitu ulio kabla ya kufika mji wa Ore. Watekaji walipiga simu, pesa zikatafutwa, zikapelekwa walikosema. Mtu hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Dubem alikuwa bado anavaa kaptula ya shule. Na wiki hiyo ninayoisimulia, basi jingine lilikuwa limesimamishwa palepale, na picha za viatu vilivyoachwa barabarani zilikuwa zinazunguka kwenye simu zetu.

"Mama, watu wanapita kila siku," Dubem alimbembeleza. "Tutaondoka alfajiri, jioni haijaingia tumefika."

"Baba yako naye aliondoka alfajiri."

Mazungumzo yakaishia hapo. Kesho yake akanivuta mkono tukaenda Ikeja kwa dalali wa ndege. Alivaa makusudi kitenge cha kazini, kile chenye harufu ya samaki, asije akadhaniwa tajiri.

Dalali mwenyewe alikuwa binti wa kabila la Kalabari aitwaye Ibinabo, mpole, mwenye kucha ndefu, na ofisi yenye baridi ya kugandisha mifupa.

"Karibuni mama zangu. Mko abiria wangapi?"

"Kabla ya abiria, bei."

Ibinabo akaitaja. Mimi nilishika kiti. Mama Dubem akatoa kicheko chake cha dukani, kile anachowatolea wateja wanaotaka samaki mzima kwa bei ya mkia.

"Mwanangu, mimi siinunui. Naikodi, nairudisha."

"Ndiyo bei ya kukodi, mama."

"Haya, nichambulie. Usinipimie samaki pamoja na gunia lake."

Basi yule binti akaanza kueleza, na lazima niseme alieleza vizuri. Ndege haihesabu watu. Ukae peke yako na mkoba wako, au mjaze viti vyote saba, bei ni ileile, kwa sababu kinacholipiwa ni saa za kuruka.

"Kwenda ni saa moja, kurudi ni saa moja," Mama Dubem akamkata. "Hapa umeweka nne."

"Ndege inakaa Abuja, mama. Inaruka tupu kuja kuwachukua hapa. Ikishawarudisha, inaruka tupu tena kwenda kwao."

"Tupu?"

"Tupu."

"Yaani niilipie nauli hewa?"

"Mafuta hayajui kama ndani kuna mtu."

"Hiyo ya tupu itoe."

"Haitoki, mama."

"Toa moja basi, tugawane hasara."

Ibinabo akanitazama mimi kama anayeomba msaada. Nikaangalia kucha zake. Wakaendelea: ushuru wa kutua, maegesho, posho ya marubani watakaosubiri, maana saa za mwanzo za kusubiri hazitozwi lakini zikizidi kila saa ina bei yake. Hayo yote Mama Dubem aliyapigania kama anayepigania urithi, akapata punguzo dogo hapa na pale. Kisha wakafika kwenye taa.

"Taa gani?"

"Uwanja wa kule unafungwa jua likizama. Ukitaka wabaki kazini na taa ziwashwe, tunaomba mapema na tunalipia. Harusi zetu mnazijua wenyewe."

"Sisi asubuhi tumefika, mchana tumekula, saa kumi tuko angani. Taa itoe."

"Mama, kwa ushauri wangu..."

"Inatoka au haitoki?"

"Inatoka, lakini..."

"Itoe. Na hizo saa za kusubiri za ziada, zitoe pia."

Zikatoka, na bei ikashuka kweli. Mama Dubem akajiegemeza kwenye kiti, ametosheka. Kwetu sokoni muuzaji huweka bei yenye nyama ya kukatwa, na mnunuzi mwenye akili huikata ile nyama. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba kwenye ndege ile nyama inaweza kuwa ndiyo mguu wenyewe.

Ibinabo akaweka kalamu chini. "Sasa nisikilizeni, mama zangu. Kinachokula pesa si kuruka, ni kukaa. Ndege isipoondoka kule kabla ya saa kumi na mbili jioni, italala. Ikilala, mtalipa maegesho, hoteli ya marubani, na safari ya asubuhi yake ambayo nimeshamuuzia mtu mwingine. Hiyo yote itakuwa juu yenu. Nitahitaji dhamana."

Mama Dubem akaweka duka lake.

Tulipotoka nje yeye alikuwa anacheka, mimi nikawa napiga hesabu. Nusu ya bei alikuwa ameilipa kwa pesa za kununulia mzigo wa mwaka mpya, nusu nyingine alitoa shemeji yake, na sasa duka pia liko mezani.

"Duka, Mama Dubem? Duka?"

"Ndege haitalala."

"Na wakwe wakikawia?"

"Nitawaharakisha."

Sijaona bado mtu aliyeharakisha wakwe akabaki na mkwe.

Siku yenyewe tulipaa tukiwa saba: bwana harusi wetu mtarajiwa, mama yake, mimi, wanawake wawili wa ukoo, binamu mmoja aliyeombea safari nzima kwa sauti, na huyo shemeji, Ozoemena. Huyu ni muuza vipuri vya magari pale soko la Ladipo, mtu ambaye akinunua soksi mpya atakaa kitini na miguu juu ya meza. Alitoa pesa zake kwa sharti moja, akae kiti cha mbele. Kabla hatujapanda, Mama Dubem alitupanga mstari kama watoto wa shule.

"Nisikilizeni. Wakwe wakiuliza, tumekuja kwa basi. Tumeelewana? Wakisikia ndege, watadai mpaka meno yetu. Ozoemena, umenisikia?"

"Shemeji, mimi ni mtoto?"

Tulipotua kule tukapanda basi dogo la kukodi. Mama Dubem akamwambia dereva azime kiyoyozi, afungue madirisha yote, ili vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, litupake tufanane na waliosafiri kutwa. Tulifika Umuduru tukiwa wekundu mpaka kwenye kope. Wakwe wakatusikitikia sana. "Poleni na barabara," walisema, na sisi tukaitikia kwa pamoja kama wanafiki wa kanisa moja.

Kisha tukasubiri. Kwanza alisubiriwa mjomba mmoja ambaye kola haiwezi kuvunjwa bila yeye. Alipofika, ikagundulika kola zilizoletwa hazitoshi kaya zote, zikafuatwa nyingine. Wanaume wakaingia sebuleni, sisi wanawake tukakaa uani chini ya turubai. Jua lilikuwa limesimama utosini. Mama Dubem hakuigusa hata supu aliyoletewa. Alikuwa analitazama lile jua, kisha simu yake, kisha mlango wa sebule.

Kwetu bei ya mtu haitajwi kwa mdomo. Wazee wa msichana huweka njiti za ufagio kwenye sahani, kila njiti na thamani yake, na sahani hupelekwa upande wa mvulana. Hawa hutoka nje, hunong'onezana, huondoa njiti kadhaa, huirudisha. Sahani huenda na kurudi mpaka pande zote zitulie. Na hata ikishatulia, baba wa msichana huchukua kidogo tu, kingine hukirudisha, isije ikasemwa kwamba ameuza mtoto. Ni mchezo, lakini ni mchezo wa heshima, na wanaume wanaupenda kuliko chakula.

Ozoemena ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Na haki yake nimpe: alianza vizuri. Sahani ilitoka mara ya kwanza na njiti za kiasi, ikarudi na pungufu, ikatoka tena. Saa tisa alitukonyeza kutoka mlangoni. Imekaribia. Mama Dubem akashusha pumzi, akamega tonge la kwanza tangu asubuhi.

Hakulimeza. Mlango ulifunguka, akatoka msemaji wa ukoo wao, Duruji, mwanamume mnene anayeuza saruji mjini, ameshika simu juu kama anayetangaza mnada.

"Mama zangu," alisema, "naomba mnisaidie macho. Huyu ni nani?"

Alikuwa Ozoemena. Amesimama kwenye ngazi ya ndege, miwani myeusi, mkono kiunoni. Alikuwa ameiweka picha ile kwenye simu yake wapate kuiona wote wanaomjua, na kati ya wanaomjua alikuwemo mtoto wa dada yake Duruji, muuza matairi palepale Ladipo.

"Mlituambia mmekuja kwa basi," Duruji aliendelea, na ua wote ukaanza kucheka. "Basi hili lina mabawa. Nilisema mimi, mbona wageni wana vumbi usoni lakini mikunjo ya suti haijavunjika!"

"Wakwe wa angani!" akapiga kelele mwanamke mmoja jikoni. "Na sisi tuliwapa pole ya mashimo!"

"Mashimo ya mawingu!" akajibu mwenzake.

Duruji akarudi ndani. Punde sahani ikatoka tena, imebebwa kwa mikono miwili. Juu yake hazikuwa njiti. Ulikuwa ufagio mzima, na kamba yake.

Wenyewe walikuwa wanatania, nusu. Nusu nyingine walikuwa wameudhika, na walikuwa na haki, maana hakuna anayependa kudanganywa uani kwake. Ozoemena alitoka akijifuta jasho lakini anatabasamu, mshenzi yule, kama mtu aliyeongezewa dakika za mpira.

"Msijali. Tutaondoa njiti moja moja. Nawajua hawa, wanataka tu kusikia heshima. Tutacheza nao mpaka usiku, asubuhi tutakuwa tumefika pazuri."

"Asubuhi?" Mama Dubem alisema. Ndipo simu yake ikalia.

Alikuwa Kapteni Dogara, rubani. Niliisikia sauti yake kwa sababu Mama Dubem husikiliza simu akiwa ameiweka mbali, kama anayeogopa itamng'ata. Vumbi linazidi kushuka, alisema. Uwanja umeshamwambia hawataongeza hata dakika, maana hakuna aliyeomba taa. Angewasha injini saa kumi na moja na nusu. Wangekuwepo au wasingekuwepo?

"Tutakuwepo," alisema Mama Dubem, akakata simu. Kutoka Umuduru mpaka uwanjani ni karibu saa nzima, na saa kumi ilikuwa imeshapita.

Nilimwona anahesabu. Tumeuza pamoja miaka mingi, najua midomo yake inavyocheza. Tukiondoka sasa kabla sahani haijatulia, tumewatukana watu na Olaedo amekwenda. Ndege ikitusubiri, italala, na duka limekwenda. Ikiondoka bila sisi, tutarudi kwa basi, na Dubem atapita kwenye ule msitu. Nilimshika bega.

"Tuiache ilale," nilimwambia. "Duka tutatafuta jingine. Utakaa kwangu, tutagawana meza."

"Ikilala, Mama Kamto, kesho nitatoa wapi pesa ya kuiamsha?" Hilo sikuwa nimelifikiria. Ndege iliyolala hairuki kwa deni.

Akaokota ule ufagio kwenye sahani. Akajifunga kitenge vizuri. Kisha akaingia sebuleni, mahali ambapo mwanamke wa upande wetu hana kazi siku kama ile. Nikamfuata mpaka mlangoni, maana miguu yangu ilikataa kubaki.

Baba yake Olaedo, bwana mmoja mkimya aliyekuwa fundi wa redio, aliinuka nusu, akakaa tena. Mama Dubem akapiga magoti, akauweka ufagio mbele yao.

"Tumekubali," alisema.

Duruji akacheka kidogo. "Mama, nadhani hukuelewa. Huo ni ufagio mzima."

"Nimeuona. Tumekubali wote."

"Haiwezekani. Rudini nje mkaondoe njiti."

"Siondoi."

"Shemeji, umechanganyikiwa?" Ozoemena alisema kwa kunong'ona kulikosikika mpaka jikoni. "Ndiyo kwanza wameanza!"

"Mama," Duruji alianza kubembeleza, na kicheko kilikuwa kimemtoka, "ondoa hata moja. Moja tu. Desturi ni desturi, mtu hakubali mara ya kwanza."

"Unataka watu waseme nimemuuza Olaedo?" aliuliza baba wa msichana. "Mzima mzima, kama mbuzi wa gulioni? Mama, ukikubali hivyo mimi nitatokaje hapa nje?"

Ilikuwa ni ajabu kuwaona wanaume wazima wakimsihi mwanamke awapunguzie wao. Siku nyingine yoyote angewapunguzia mpaka walie. Alikaa pale kwenye magoti yake, akitazama chini.

"Nisamehe, Baba Olaedo. Sikuja kukutukana. Mimi niliwahi kushusha bei ya mtu mmoja."

Akaugusa ule ufagio.

"Walipomchukua mume wangu walinipigia simu. Wakataja bei. Pesa ilikuwepo, kwa kukopa kidogo ilikuwa inafika. Wazee wakaniambia, usikubali bei ya kwanza, ukikubali watajua unazo, watapandisha. Mimi ni mfanyabiashara, nikaona wamesema kweli. Nikashusha. Wakapunguza. Nikashusha tena. Siku zikawa zinapita, kila wakipiga mimi nashusha. Mwisho nikapata bei nzuri. Nilipata bei nzuri sana. Sijamwona tena."

Mimi nilikaa na mwanamke huyu meza kwa meza miaka yote hiyo, nilimfariji, nilimpikia, nilivaa naye nyeusi, na jambo hili sikulijua. Nilisikia hasira ikinipanda, sijui kwake au kwangu, au kwa wale wazee waliomshauri na baadaye wakaja kula msibani. Dubem alikuwa amesimama ukutani. Hakulijua yeye pia. Uso wake ulikuwa uso wa mtoto wa shule.

"Ile ndege si utajiri," Mama Dubem akaendelea. "Ni pesa ya mzigo wangu, na sasa ni duka langu. Niliikodi ili huyu asipite ile barabara. Niliwadanganya, na kwa uongo huo nitozeni mnavyotaka. Lakini inaondoka kabla ya saa kumi na mbili, na isipoondoka nimekwisha. Semeni bei yoyote ya binti yenu, mimi sitashusha. Nitakaa hapahapa kwenye mkeka wenu mpaka ilipwe njiti ya mwisho. Waacheni watoto waende."

Duruji aliutazama ule ufagio. Kisha akainama, akafungua kamba, akachomoa njiti chache, chache kuliko zile za saa tisa, akazitia mkononi mwa baba wa msichana. Baba wa msichana akachukua mbili, zilizobaki akamrudishia. Duruji akaukusanya ufagio, akampa mwanamke aliyekuwa karibu na mlango.

"Kafagieni nao," alisema. "Olaedo yuko wapi? Leteni tembo, upesi!"

Kwetu msichana huzunguka na kikombe cha tembo akimtafuta mchumba wake kati ya wageni, anacheza, anaringa, vijana wanamwita huku na huku, "Mimi ndiye! Nipe mimi!" na jambo hilo linaweza kula saa nzima. Olaedo alitoka mbio. Hakutazama kushoto wala kulia. Alimfikia Dubem, akapiga magoti, nusu ya tembo ikamwagika, Dubem akainywa iliyobaki akikohoa, na ua mzima ukapiga vigelegele kama kwamba wamecheza kutwa.

Lakini wakwe hawaondoki wote kabla ya kula, hilo hata Duruji asingeweza kulifuta, kwa hiyo walikwenda Dubem na Olaedo tu. Duruji mwenyewe aliingia kwenye gari lake la saruji, kwa sababu anazijua njia za panya. Ozoemena naye akadandia nyuma.

"Viti viko saba!" alisema. "Tukijaza viwili au vitatu, si bei ni ileile?"

Mama Dubem alimshika suti akamshusha. "Wewe umeshapanda. Umepiga na picha."

Gari likaondoka na vumbi lake. Tukakaa kula. Naomba nisiulizwe chakula kilikuwaje. Saa kumi na moja na nusu ikafika, tukajua injini imewashwa. Nilimpigia Dubem, simu haikupatikana. Nikapiga tena. Binamu alianza kuomba, nikamwambia aombe kimoyomoyo. Jua lilikuwa limeshakuwa jekundu ndani ya vumbi, linakaribia minazi ya jirani, na Mama Dubem alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri majibu hospitalini.

Kisha tukasikia muungurumo. Vumbi lilikuwa zito, hatukuona kitu, sauti tu ilipita juu yetu kuelekea magharibi.

"Ni yenyewe?" aliniuliza.

"Ni yenyewe." Ningejuaje? Huko juu zinapita nyingi.

Ujumbe wa Dubem uliingia giza lilipokuwa limeshashika. Walikuwa wamefika Lagos. Duruji alikuwa amewapitisha mashambani, wakaikuta ngazi ya ndege inapandishwa. Mama Dubem aliusoma, akanipa simu niusome na mimi, akautoa tena mkononi mwangu akausoma mara nyingine. Halafu akalia, mbele ya wakwe, bila kujifunika, kilio ambacho nadhani hakuwahi kukilia siku ile ya kwanza kwa sababu bado alikuwa kwenye simu. Baba yake Olaedo alitoka akakaa chini kwenye mkeka, mbali kidogo.

Sisi tulirudi kwa basi. Pesa ya kitu kingine haikuwepo, na duka lilikuwa linatungoja. Basi liliondoka alfajiri. Abiria waliongea mpaka Ore, wakanunua mkate na maji ya pakiti, na baada ya Ore, kama ilivyo siku hizi, watu wote wakanyamaza wenyewe. Hata Ozoemena. Dereva alikanyaga mafuta. Miti ilianza kusogea karibu na lami pande zote mbili, na Mama Dubem akanishika mkono, akaubana hadi pete ikaniumiza.

"Fumba macho," nilimwambia. "Nitakwambia tukishapita."

"Hapana," alisema. "Nimekuja kumwona."

Akageukia dirishani, akaitazama ile miti yote, mmoja mmoja, mpaka ikaisha. Kisha akaomba maji.